AC inapuliza baridi mpaka Kibaha afu inagoma: jinsi ya kutoa maji ndani ya mfumo wa AC ya gari

Unatoka Dar asubuhi unaelekea Moro, AC iko poa kabisa, watoto nyuma wanalalamika baridi. Unafika Kibaha unaona hewa kama imelegea, Mlandizi jasho linakutoka na feni inapuliza kwa nguvu zote lakini hewa yenyewe ni ya vuguvugu tu. Unasimama Chalinze unakula mishkaki yako, robo saa hivi, unarudi unawasha gari, baridi hiyo hapo kama vile hakuna kilichotokea. Mbele huko inagoma tena.

Ukimwelezea fundi, mara nyingi jibu ni moja tu: gesi imepungua bosi, tuongeze. Anaongeza, unalipa, wiki ijayo hadithi ile ile. Sasa jiulize, gesi iliyovuja inarudije wakati wewe unakula mishkaki? Hairudi. Kilichotokea hapo ni barafu. Kuna maji ndani ya mabomba, maji kidogo sana, matone tu, na yanaganda sehemu mbaya kuliko zote.

Sehemu yenyewe ni ekspansheni valvu. Gesi inafika pale ikiwa kimiminika, ina presha kubwa na joto, inapita kwenye katundu kadogo sana, ikitokea upande wa pili presha inashuka ghafla na ubaridi unaweza kwenda karibu na sifuri au chini yake. Tone la maji likifika pale linaganda na kuziba njia. Gesi haipiti, evaporeta ile iliyoko ndani ya dashibodi, ambayo wengi wanaita kulingkoili, inabaki haina kitu, feni inapuliza hewa ya joto. Ukizima, joto linarudi, barafu inayeyuka, njia inafunguka. Ndo maana mishkaki inatibu AC.

Kabla hujakimbilia kufungua mabomba hakikisha kwanza ni ugonjwa huu kweli, maana kuna mengine mawili yanafanana nao sana na nshaona watu wanabadilishiwa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, bure. La kwanza ni barafu ya nje, yani kulingkoili yenyewe imeganda kwa nje kwenye mapezi yake kwa sababu sensa ya ubaridi imekufa au filta ya hewa ya ndani imejaa vumbi haijawahi kutolewa tangu gari itoke Japani. Hiyo utaijua kwa upepo: unapungua taratibu mpaka unakuwa kama mtu anakupulizia kwa mdomo, feni unaisikia inalia lakini hewa haitoki, na ukizima maji yanamwagika mengi chini ya gari. Barafu ya ndani ya valvu haigusi upepo kabisa, upepo unabaki na nguvu ile ile, ubaridi tu ndo unaondoka. La pili ni klachi ya kompresa kuchoka, ikipata joto inaachia, ikipoa inashika. Hapo ukifungua bonneti wakati AC imegoma utaona sahani ya mbele ya kompresa haizunguki, puli tu inazunguka.

Kama una geji za presha za AC ndo rahisi zaidi. Unganisha geji, washa AC, subiri igome. Kwa joto la Dar la kama 32, gari nyingi zinazotumia gesi ya R134a upande wa presha ya chini, geji ya buluu, unasoma kati ya psi 25 na 40 hivi, na upande wa presha ya juu kama 200 mpaka 230. Kukiwa na maji, ikianza kugoma sindano ya buluu inaporomoka, inapita 10, inafika sifuri na inaweza kuzama kabisa kwenye vakyumu, yani presha chini ya ile ya hewa ya kawaida, wakati kompresa bado inazunguka. Zima, subiri dakika kumi, washa, sindano inarudi mahali pake. Ukiona mchezo huo huna haja ya kuuliza mtu. Ikizama muda wote bila kurudi basi ni uchafu umeziba au valvu yenyewe imekufa. Na kama ni klachi imeachia, sindano mbili zinakaribiana, ya juu inashuka na ya chini inapanda.

Maji yameingiaje? Hapa mafundi wenzangu mnisamehe, mengi tunaingiza wenyewe. Gari imegongwa mbele, kondensa, ile kama rejeta ya AC iliyoko mbele, imetoboka, imekaa nje ya gereji wiki tatu mabomba wazi kipindi cha masika ikisubiri pesa, afu siku ya kufunga inafungwa kondensa mpya na kujazwa gesi moja kwa moja. Au fundi anasafisha mabomba kwa upepo wa kompresa ile ya kujazia matairi, ambayo tangi lake ukilifungua chini linatoa maji lita nzima. Au kopo la mafuta lilifunguliwa Januari, linatumika Juni. Hata bila fundi, hozi za mpira zinapitisha unyevu kidogo kidogo miaka inavyokwenda, na kama kuna tundu upande wa chini na gesi imeisha kabisa, mfumo unapumua hewa ya nje. Hewa ya Dar, Tanga au Mombasa mnaijua wenyewe, ni supu.

Afu kuna jambo la historia ambalo naona linasababisha ubishi mwingi. Gari za zamani zilitumia gesi ya R12 na mafuta ya madini, yale mafuta hayapendi maji. Miaka ya 1990 magari yakahamia R134a na mafuta yanayoitwa PAG, na PAG inavuta maji kutoka hewani kama chumvi ya mawe iliyoachwa wazi kwenye kibakuli. Wazee waliojifunzia R12 walizoea kufungua na kufunga bila presha, wakatufundisha hivo hivo. Mbinu ile haifai kwa gesi hii. Na maji yakishaingia kwenye PAG, kuyatoa kwa pampu ni shughuli pevu, yanang'ang'ania.

Kugoma njiani ni usumbufu tu, hasara yenyewe iko kwingine. Maji yakikaa na gesi na mafuta kwenye joto la kompresa yanatengeneza asidi. Asidi inakula alumini kutokea ndani, inachubua kompresa, ule unga unasafiri mpaka kwenye kondensa na valvu, na kulingkoili inaanza kutoboka vitundu huko ndani ya dashibodi ambako kuitoa ni kazi ya siku nzima. Kwa hiyo hata kama unavumilia kushusha vioo, usiiache.

Haya, kazi. Ukiwa na vifaa unaweza kufanya mwenyewe, usipokuwa navyo angalau utajua cha kusimamia. Vaa miwani na glovu, maana R134a inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikurukia jichoni umekwisha. Usivute sigara hapo wala usiwe na moto, ile gesi ikipita kwenye moto inageuka sumu.

Kwanza gesi itolewe yote. Itolewe na mashine ya kunyonyea, sio kufyatuliwa hewani. Najua wengi wanafyatua. Ila R134a ni kati ya gesi ambazo nchi zilikubaliana hapo Kigali, Oktoba 2016, zipunguzwe, kilo moja inapasha dunia joto sawa na zaidi ya kilo elfu moja za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo tafuta gereji yenye mashine.

Pili, draya. Hapa ndo sitaki mjadala. Draya ndo sponji ya mfumo, ndani ina vipunje vinavyofyonza maji, na uwezo wake ni gramu chache tu, ikishajaa imejaa, haikamuliki. Kama mfumo umekaa wazi au una dalili za maji, draya inabadilishwa, period. Nshasikia watu wanaikausha kwenye jiko la mkaa, jamani. Kwenye gari za zamani kidogo draya ni kale kachupa ka alumini pembeni ya kondensa. Kwenye hizi Toyota ndogo nyingi za miaka ya 2000 kuja juu, draya iko ndani ya bomba lililosimama ubavuni mwa kondensa, unafungua kizibo cha chini unatoa kimfuko kama soksi, kwa hiyo fundi akikwambia gari hii haina draya, ujue hajawahi kuitafuta. Gari nyingi za Kimarekani zina chupa kubwa zaidi upande wa bomba la kurudi kwenye kompresa, kazi ni ile ile.

Draya mpya inakuja imezibwa. Usiifungue mpaka kila kitu kingine kimefungwa, iwe ya mwisho kabisa, ukizibua vifuniko dakika hiyo hiyo funga na uanze kuvuta vakyumu. Nilishamkuta kijana kafungua draya asubuhi kaiweka juu ya bonneti, kaenda kutafuta o-ringi, vile vipete vya mpira vya kuzibia maungio, mjini, karudi saa nane mchana. Hiyo tayari imeshakunywa, itupe. O-ringi badilisha zote ulizogusa, zile za R134a, zipake mafuta ya kompresa kidogo, sio grisi.

Mafuta: soma stika iliyoko chini ya bonneti au kwenye mwili wa kompresa, tumia aina ile tu, kopo dogo ulifungue siku hiyo. Lililobaki likikaa wazi usimtunzie mteja mwingine. Na kwa wenye Aqua, Prius na haibridi nyingine zenye kompresa ya umeme, sikilizeni vizuri: zile haziwekwi PAG kabisa. Zinatumia mafuta ya esta yasiyopitisha umeme, kwa Toyota yanaandikwa ND-OIL 11. Kompresa yake inatembea na umeme wa volti mia mbili na zaidi, PAG kidogo tu ikichanganyika insulesheni inaharibika, gari linawasha taa na unaweza kuagana na kompresa. Hata geji na hozi zilizotumika kwenye gari za PAG zisafishwe kwanza. Na kama hujasomea umeme mkubwa, nyaya za rangi ya chungwa usiziguse.

Sasa vakyumu, roho ya kazi yote. Watu wengi wanadhani pampu inanyonya maji kama unavyonyonya soda kwa mrija. Hapana, inayachemsha. Wanaokaa Lushoto au Makete wanajua maharage huko juu yanachelewa kuiva, kwa sababu hewa ni nyepesi na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pampu inafanya kitu hicho hicho kwa nguvu zaidi: ukivuta mpaka inchi 28 za vakyumu usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 38, ukifika 29 yanachemka kwenye 25. Kwa hiyo 27 au 28 haitoshi, lazima uende chini kabisa ya geji, na joto ni rafiki yako. Fanya mchana, gari iwe imetoka kuzunguka, injini ina moto, hita ya ndani iwashwe kwanza ipashe kulingkoili. Asubuhi ya baridi Njombe mwezi wa sita utavuta mpaka uchoke.

Tumia pampu ya vakyumu ya kweli. Kompresa ya friji iliyogeuzwa, ambayo iko kwenye gereji nyingi, inatoa hewa sawa lakini mara nyingi haifiki kina cha kuchemsha maji, na maji yenyewe yanaishia kuiharibu. Angalia na mafuta ya pampu, yakiwa meupe kama chai ya maziwa ujue yamejaa maji, mwaga weka mapya, vinginevyo unavuta bure. Muda: kama mfumo haukukaa wazi, nusu saa inatosha. Kama ulikuwa na maji, saa nzima au zaidi, geji zote mbili zimefunguliwa. Fundi anayevuta dakika tano huku anachati hajafanya kitu.

Kitu kimoja kinachowachanganya watu wa bara. Vitabu vyote vinasema vuta mpaka 29.9. Hiyo ni ya pwani. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, hewa yenyewe ya pale ina uzito wa kama inchi 24 tu, kwa hiyo pampu nzuri kabisa itaishia kwenye 24 na haitasogea, Arusha kama 25. Fundi wa Nairobi akiona 24 asiseme pampu mbovu au kuna tundu, na wewe mteja usimgombeze. Ukitaka uhakika bila kujali mlima, nunua geji ya maikroni, inapima hewa iliyobaki ndani, ukifika 500 na ikatulia umemaliza.

Pampu ikimaliza, funga valvu za geji, zima pampu, afu kaa chini unywe maji, subiri nusu saa. Usiiruke hatua hii hata kama mteja anakupigia honi. Sindano isiposogea, safi. Ikipanda mfululizo mpaka inakaribia sifuri, kuna tundu, tafuta. Ikipanda kidogo afu ikasimama, bado kuna maji yanachemka huko ndani. Namna ya kutofautisha: mvuke wa maji kwenye joto la nyuzi 30 hauwezi kusukuma sindano zaidi ya inchi moja na robo hivi, ikizidi hapo ni hewa inaingia.

Mfumo uliolowa sana, mfano gari iliyozama kwenye mafuriko au iliyokaa wazi miezi, vakyumu moja haitoshi. Hapo unavuta, afu unaingiza nitrojeni kavu mpaka presha inakuwa juu kidogo ya sifuri, unaiacha dakika kumi ijichanganye na mvuke, unaitoa, unavuta tena. Mara tatu. Nitrojeni hiyo hiyo ndo ya kutafutia matundu, kwa presha ya kama psi 100 mpaka 150, na lazima iwe na regyuleta maana mtungi wake una presha ya kulipua kondensa. Usitumie oksijeni ya mtu wa kuchomelea. Narudia, oksijeni na mafuta ya kompresa vikikutana kwenye presha ni bomu, watu wanaifanya hii kila siku wakidhani gesi ni gesi. Upepo wa kompresa ya matairi nao hapana, unarudisha maji uliyotoka kuyatoa, na hewa ikichanganyika na R134a kwenye presha inaweza kuwaka.

Kuhusu dawa za mkato. Kuna za kumimina za kuziba matundu, nyingi zinagandishwa na unyevu, sasa ukizimwaga kwenye mfumo wenye maji zinagandia humo humo ndani na mashine ya gereji itakayokuja kunyonya gesi inakufa nayo. Kuna na wanaodondoshea spiriti ili maji yasigande, mbinu ya friji za zamani. Kweli hayatagandia pale, ila maji bado yapo, na ile spiriti ya methanoli inakula alumini. Umeondoa dalili ukaacha ugonjwa.

Kujaza: gesi ipimwe kwa mizani. Stika chini ya bonneti inasema gramu ngapi, gari ndogo nyingi ziko kati ya 350 na 500. Toa hewa kwenye hozi ya njano ya geji, ile inayoenda kwenye mtungi wa gesi, kabla ya kufungua mtungi, la sivyo unaingiza hewa na unyevu wake dakika ya mwisho kabisa baada ya jasho lote lile. Kujaza kwa kushika bomba na kusema sasa limepoa ni kubahatisha. Gari mpya zaidi zinazotumia R1234yf zina viunganishi tofauti na gesi yake inaweza kuwaka, usilazimishe R134a humo.

Maji yanayodondoka chini ya gari ukiwa umewasha AC usiyaogope, hayo ni ya hewa ya nje na ni dalili nzuri. Yakimwagikia kwenye kapeti ya abiria, kabomba ka kutolea maji kameziba, zibua kwa waya laini au upepo, haihusiani na gesi wala draya, na usikubali kuuziwa vakyumu kwa ajili ya hilo.

Baada ya yote usiichukue gari kwa sababu imepuliza baridi dakika tano gerejini, hata mwanzo ilikuwa inapuliza. Weka kipimajoto kwenye tundu la hewa la katikati, izunguke saa nzima jua kali, ikiwezekana mwambie fundi mpande wote, mtoke nayo mpaka Mlandizi na kurudi. Ikigoma tena kwa mtindo ule ule, draya ile mpya imeshajaa maji yaliyokuwa yamejificha kwenye mafuta, unamwaga mafuta, unaweka draya nyingine na kurudia vakyumu, na hapo ndo utajua kwa nini nilisema ya kwanza usiifungue asubuhi ukaiacha juu ya bonneti.